Chama cha Kuzikana Kisingoje Msiba

Mtu akifiwa usiku huko Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi, hana haja ya kuhangaika hadi mapambazuko akitafuta wa kumsaidia. Ikiwa yeye ni mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana, habari ikishamfikia katibu, turubai litafika, viti vitafika, sufuria zitafika, na akina mama watawasha moto kabla jua halijachomoza. Mweka hazina atatoa fedha ya jeneza na ya gari. Mfiwa ataachiwa kazi moja tu, nayo ni kulia.

Huo ni utu mkubwa, nao una mizizi yake katika nchi hii ya mlimani. Kwa karne nyingi watu wa Kilimanjaro walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka mito ya juu hadi vihambani, na hapana mtu aliyeweza kuuzibua mfongo peke yake. Kazi hiyo ilikuwa ya msaragambo, na aliyekosa kufika bila sababu alitozwa faini. Wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, walikuwa tayari wanajua maana ya kuunganisha nguvu. Mjini, hata hivyo, ukoo uko mbali. Mchaga anataka azikwe kihambani kwa wazee wake. Mwalimu aliyehamishiwa Moshi kutoka Tabora au Mtwara ana safari ndefu zaidi ya kurudishwa kwao, na gharama zake ni kubwa. Chama cha mtaani ndicho kilichoshika mahali pa ukoo.

Tunavisifu vyama hivyo, lakini sifa zisitufumbe macho. Jambo linalofaa kuulizwa ni hili: chama kinamtambua mwanachama wake siku ngapi katika maisha yake? Akiugua miezi mitatu, akakosa nauli ya kwenda kliniki KCMC, hutokea akaambiwa kwamba katiba haina kifungu cha ugonjwa. Fedha ipo, lakini inamngojea afe. Ugonjwa ukimkosesha kipato, ada humshinda. Ada ikimshinda, jina lake hufutwa. Na siku anapofariki dunia, mjane huelezwa kwa heshima zote kwamba marehemu hakuwa mwanachama hai. Mtu aliyechangia maziko ya wenzake kwa miaka mingi anazikwa kwa kuombaomba. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, iko dhiki gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Wapo watakaotujibu kwamba mfuko ni mdogo, na kwamba tukianza kuwauguza wagonjwa hatutakuwa na cha kuzikia. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Lakini wenzetu wameijibu kwa vitendo. Huko Ethiopia vyama vya kuzikana viitwavyo iddir vimeenea mijini na vijijini. Vingi vina kanuni za maandishi, orodha ya wanachama, na faini kwa asiyehudhuria. Kazi yao ya kwanza ni maziko, lakini baadhi yake vimejiongezea kazi ya kumsaidia mgonjwa, na vingine vilijitwisha hata mzigo wa kuwatunza yatima na wagonjwa wa UKIMWI. Nchini Uingereza, vyama vya kindugu vya mafundi na vibarua, kama vile Oddfellows, vilimlipa mwanachama posho alipokuwa mgonjwa na kugharimia maziko yake alipokufa. Vyama vya namna hiyo vilianza kwa senti za watu maskini. Kilichoviwezesha kudumu ni kanuni zilizoandikwa na hesabu zilizotunzwa, na sheria ya mwaka 1793 nchini humo ilivipa ulinzi vile vilivyosajili kanuni zao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, sehemu ya ada itengwe iwe mfuko wa wagonjwa, usiochanganywa na mfuko wa maziko, na kiwango cha msaada kiwekwe bayana ili usikaushwe na mtu mmoja. Hata nauli na chakula cha juma moja ni msaada. Kwa kuwa nchi yetu ilikwisha kutunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, chama kinaweza pia kumkopesha mwanachama fedha ya kulipia bima ya jamaa yake, akairudisha kidogo kidogo.

Pili, asifutwe mtu kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Kabla jina halijakatwa, wajumbe wawili wa kamati wamwendee nyumbani wakamwone kwa macho yao. Mlimani hata mwenye kosa kubwa husikilizwa akija na jani la isale. Seuze mtu ambaye kosa lake ni kulala kitandani?

Tatu, chama kitoke nje ya daftari lake. Klabu za Rotary na Lions, zote zenye asili ya Chicago, ya kwanza mwaka 1905 na ya pili mwaka 1917, zimejipatia heshima duniani kwa kuwahudumia watu wasio wanachama. Rotary imepigana na ugonjwa wa polio duniani kote tangu mwaka 1985. Chama cha mtaani hakina fedha za namna hiyo, lakini kina mikono. Siku moja ya msaragambo kila mwezi inatosha kuzibua mitaro kabla ya masika, kutengeneza madawati ya shule, au kumwezekea paa ajuza asiye na mtoto.

Nne, na hili ndilo nguzo ya mengine yote, hesabu zionekane. Vikundi vya wananchi vinavyowekeana akiba na kukopeshana viliwekwa katika daraja la nne na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na vinatakiwa kusajiliwa. Usajili peke yake hauzuii wizi. Kinachozuia ni stakabadhi kwa kila shilingi, saini zaidi ya moja benki, na hesabu kusomwa mbele ya mkutano mkuu na mtu ambaye si mweka hazina. Mji wa Moshi umekuwa na Chuo cha Ushirika tangu mwaka 1963, ambacho mwaka 2014 kilifanywa Chuo Kikuu. Itakuwa aibu kwa mji unaofundisha taifa zima namna ya kutunza hesabu za ushirika, ikiwa vyama vya mitaani mwake vinaendeshwa kwa kuaminiana kwa mdomo.

Hapa tunawageukia watumishi wa serikali na walimu. Wananchi wanapotafuta katibu au mweka hazina, macho huwaelekea ninyi, kwa kuwa mnajua kuandika kumbukumbu za mkutano na kujumlisha tarakimu. Elimu hiyo mliipata kwa jasho la wengi. Msiikatae kazi hiyo kwa kisingizio cha shughuli nyingi, wala msiipokee ili mpate heshima ya kukaa meza kuu. Msomi anayeficha daftari la chama chake anawaibia majirani zake mara mbili: fedha yao, na imani yao kwamba kushirikiana kuna faida.

Mkutano mkuu ujao wa kila chama uanze na ajenda moja nyepesi: majina ya wanachama walio wagonjwa leo, na nani atakwenda kuwaona. Waende wakiwa na kitu mkononi, mgonjwa angali na macho ya kuwatambua.