Nasaba ya Ndizi na Majina ya Tukuyu

Wako wasomi wasemao kwamba, tangu sayansi ilipojua kusoma nasaba ya mimea katika jeni zake, majina waliyoyatoa wakulima hayana kazi tena. Jina, wasema, hudanganya, jeni haidanganyi. Kauli hii hupendeza masikio kwa kuwa ni fupi, lakini haki yake ni nusu, na nusu iliyobaki yaweza kuleta hasara mahali kama Tukuyu, ambapo mgomba umezunguka nyumba ya Mnyakyusa tangu kabla Joseph Thomson hajapita nchi hiyo mwaka 1879.

Kwanza wapewe haki yao. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa Cavendish, ndizi ijazayo masoko ya Ulaya na Marekani, na Gros Michel iliyoitangulia kabla ya kuangamizwa mashambani na ugonjwa wa Panama, zina mzazi wa ukoo mmoja, aliyezirithisha jeni zake zote badala ya nusu kama ilivyo desturi ya uzazi. Jamaa za mzazi huyo zimeonekana Komoro na Bukini. Na mchare upikwao Kilimanjaro na Arusha ni jamaa yao wa karibu. Basi ndizi ya matajiri ina ndugu katika chungu cha Mchaga, na hapana jina la shambani lililopata kulisema hilo.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulihusu ndizi ambazo Waganda huziita matoke. Mkulima wa Uganda au wa Kagera huhesabu makumi ya aina, kila moja kwa jina lake. Jeni zikasema kuwa zote zatokana na mgomba mmoja, uliozidishwa kwa machipukizi mkono kwa mkono. Hapo ndipo wasomi wetu waliporuka. Kama mgomba ni mmoja, wakasema, makumi ya majina ni makumi ya makosa. Lakini katika ukoo huohuo iko ndizi ya kupikwa, na iko ndizi ya pombe yenye ukakasi usiovumilika kinywani. Nani atathubutu kumwambia mama aliye jikoni kuwa hizo ni kitu kimoja, aziteleke pamoja? Ndugu wawili hawaitwi kwa jina moja kwa sababu tu wamezaliwa na mama mmoja.

Wenye mizabibu hawakufanya pupa ya namna hii. Mwaka 1997 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua kuwa mzabibu wa Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Jina lenyewe lilikuwa limebeba majina ya wazazi wote wawili kabla maabara haijatia neno! Tena Zinfandel ya Marekani ilipotafutiwa asili, maabara peke yake haikutosha. Ilibidi watu waende Kroatia wakapekue mashamba ya zamani, na mwaka 2001 ikatambulikana kuwa ndiyo Crljenak Kaštelanski, mizabibu michache iliyosalia pwani kwa jina lake la kienyeji.

Sasa na turudi Rungwe. Huko iko migomba iitwayo Uganda na iko iitwayo Malindi. Majina haya hayasemi mmea ulizaliwa wapi, wala mkulima hakudai hivyo. Yaelekeza njia ambayo mche unasadikiwa kuijia. Jeni humtaja mzazi, na humnyamazia mchukuzi. Anayefuta jina la Malindi kwa kuwa halilingani na nasaba amefuta ushahidi wa pekee wa safari, na hana kingine cha kuweka mahali pake.

Na kipi huwekwa? Namba. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne mpya, zilizojaribiwa pamoja na kwingine huko Mitalula, katika Nyanda za Juu Kusini. Ni migomba mizuri, haina lawama; asili yake ni kazi ya watafiti wa Uganda na wenzao, waliozalisha matoke na mgomba wa mwitu ili kushinda maradhi ya majani. Ikaitwa TARIBAN 1, 2, 3 na 4. Mgomba wa zamani wataja Uganda kwa jina. Huu mpya, ambao hakika watoka Uganda, wataja herufi za ofisi.

Kosa hili si la wanasayansi peke yao. Idara za Kiswahili zimeandika kamusi za sheria na za tiba, lakini orodha ya majina ya ndizi, ya Kiswahili, ya Kinyakyusa na ya Kichaga, pamoja na ladha, matumizi na safari ya kila moja, imeachiwa wazee ambao hupungua kila mwaka. Lori lipakialo Kiwira huondoka na mikungu ya majina mengi. Lifikapo Dar es Salaam, shehena nzima huitwa ndizi za Mbeya.