Tuonje Chai Bila Sukari



Mwezi uliopita nilikwenda Tandika, wilaya ya Temeke, kumwona mke wa kaka yangu. Shemeji huyu huuza chai na vitumbua kando ya barabara. Nilimkuta na huzuni. Wateja wamepungua. Wanasema chai yake ina harufu mbaya. Yeye alidhani ni maji ya kisima, maana maji ya visima vingi vya huko yana chumvi. Basi akaongeza tangawizi. Kisha akaongeza sukari. Faida yote ikaishia kwenye sukari.

Siku hiyo alikuja kijana wa jirani. Yeye hununua bidhaa Guangzhou, nchini China, na kuziuza Kariakoo. Alileta pakiti tatu za chai.

"Mama, onja bila maziwa wala sukari," alisema.

Shemeji alicheka. "Mwanangu, mimi siumwi!"

Lakini tulionja. Chai ya kwanza ilitoka Qimen, katika jimbo la Anhui. Ilikuwa laini, na ilinukia kama maua. Ya pili ilitoka jimbo la Yunnan. Ndani ya pakiti mlikuwa na vichipukizi vya rangi ya dhahabu. Chai hii iliacha utamu kama wa asali ulimini. Mimi niliipenda kuliko zote. Ya tatu ilitoka milima ya Wuyi, katika jimbo la Fujian. Loo! Ilinuka moshi. Shemeji alidhani imeungua. Kijana akaeleza kwamba huko majani hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari. Wenzetu wa Mufindi wanaujua mti huo.

Zote tatu ni chai ya rangi. Wachina huiita chai nyekundu, kwa sababu ya rangi ya maji yake. Hata neno "chai" asili yake ni China. Mmea wake ndio ule ule wa Rungwe, Njombe na Lushoto. Jani huchumwa, hunyaushwa, husokotwa, huachwa hewani mpaka ligeuke rangi, kisha hukaushwa. Viwanda vyetu vingi hulikatakata jani badala ya kulisokota. Ndiyo maana chai yetu hutoa rangi upesi, nayo hufaa sana kwa maziwa. Jani zima hutoa ladha polepole. Kijana alitia maji ya moto mara tatu juu ya majani yale yale, na bado tulikunywa chai.

Ile chai ya moshi ndiyo iliyotufungua macho. Jani kavu la chai hunyonya harufu upesi. Likikaa penye moshi, litanuka moshi. Likikaa karibu na sabuni, litanuka sabuni.

Shemeji alinyamaza. Akaenda ndani, akaleta majani yake mwenyewe. Tuliyatia kikombeni, tukamwaga maji yanayochemka, tukafunika kwa dakika 5. Tukaonja hivyo hivyo.

Mafuta ya taa!

Kumbe mfuko wake wa chai hukaa wazi chini ya meza, karibu na jiko la mafuta. Tangawizi na sukari zilikuwa zinamficha yeye tu. Wateja walijua.

Waonjaji wa chai mnadani hufanya kama tulivyofanya. Hupima majani sawasawa, huacha dakika 5 au 6, kisha huvuta chai kijikoni kwa kishindo ili harufu ipande puani. Halafu huitema. Nyumbani ungeambiwa huna adabu! Lakini bei ya chai ya mkulima hutegemea ulimi wa mtu huyo. Chai yetu imeuzwa miaka mingi katika mnada wa Mombasa. Mwaka 2023 mnada ulianza Dar es Salaam pia. Wewe unayelima chai, je, umewahi kuionja chai ya kiwanda chako bila sukari?

Sasa shemeji ana kopo lenye kifuniko. Amelihamishia chumbani, mbali na jiko. Juzi aliniletea salamu. Sukari anayotumia ni nusu ya ile ya zamani, na wateja wameanza kurudi. Ila fundi baiskeli wa jirani bado anadai vijiko 4.