Ndugu, Hiyo Bastola Isilale Kwako



Leo nina swali nililoulizwa kwa WhatsApp wiki iliyopita. Mwenyewe ameniruhusu nilijibu hapa, bila jina lake, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Aliniandikia hivi: "Pasta, nimepewa bastola. Si ya kawaida, ni ya wakusanyaji. Niiweke ama niiachilie?"

Ndugu huyu alilelewa hapa kanisani kwetu. Sasa anaishi Texas, Marekani, na anafanya kazi ambayo watoto wetu wengi wanaifanya kule: kuwatunza wazee majumbani. Kwa miaka minne alimwosha mzee mmoja, akamlisha, akamgeuza kitandani usiku. Mzee alipolala, binti yake alimwita ndugu yetu baada ya mazishi na kumkabidhi sanduku la mbao. Akamwambia, "Baba alisema hii ni yako."

Ndani yake kulikuwa na Colt Python.

Wacha nikueleze ni kitu gani, maana hata mimi sikujua. Kampuni ya Colt ya Hartford, Connecticut, ilianza kuuza Python mwaka 1955. Ni bastola ya silinda inayozunguka, inabeba risasi 6, na risasi yake inaitwa .357 Magnum. Siku hizo mafundi waliikamilisha kwa mkono, wakaking'arisha chuma mpaka kikatoa buluu nzito kama wino. Kampuni ilileta Python mpya mwaka 2020, lakini wakusanyaji bado wanazililia zile za zamani. Hii ya ndugu yetu ni ya mwaka 1956, na haijachakaa. Bastola kama hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Na Python ni chatu. Colt waliwapa bastola zao majina ya nyoka: Cobra mwaka 1950, Python 1955, Diamondback 1966, Anaconda 1990. Najua baadhi yenu mmeshaona mahubiri yamejiandika yenyewe. Ngoja kwanza. Chuma hakiwi dhambi kwa sababu ya jina lake. Kama ningemjibu ndugu yangu kwa jina la nyoka peke yake, ningekuwa nimemdanganya kwa maneno matamu.

Wacha pia nitubu mbele yenu. Alipotaja bei, aliongeza, "Pasta, nikiiuza nitatuma fungu la kumi." Mpendwa, nilianza kupiga hesabu ya mabati! Kabla sijamwuliza anaendeleaje, nilikuwa nimeshaezeka upande mzima wa kanisa kichwani. Roho Mtakatifu alinishtua. Nikaweka simu chini, nikaomba, ndipo nikampigia.

Sikumwuliza bei tena. Nilimwuliza, "Ndugu, nyumbani kwako mnaishi nani na nani?"

Akasema anaishi na mwanawe wa miaka 15. Kijana alifika kutoka Kenya mwaka jana. Hana marafiki. Anakula chumbani. Mwalimu amepiga simu mara mbili kuuliza mbona hasemi na mtu.

Nikauliza, "Anajua bastola iko wapi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, yeye ndiye aliyenitafutia bei yake kwa intaneti."

Nikauliza tena, "Na risasi?"

"Ziko kwa sanduku hilo hilo."

Mpendwa, hapo ndipo nilipojua jibu langu, na ndilo ninalokupa wewe leo: hiyo bastola isilale kwako. Si kwa sababu ni chatu, wala si kwa sababu wewe ni mtu mbaya. Ni kwa sababu ya yule aliye chumba cha pili.

Nisikilize vizuri hapa. Marekani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki si waliouawa na majambazi. Ni watu waliojiua. Na kati ya kila watu 10 wanaojipiga risasi kwa nia hiyo, karibu 9 hufa. Wanaojaribu kwa njia nyingine, wengi huokolewa, na wengi wa waliookolewa huishi miaka mingi baadaye. Saa ya giza huja, na mara nyingi saa hiyo hupita. Lakini ikimkuta mtu na bastola mkononi, haimpi nafasi ya kuona asubuhi.

Ndugu yangu alinijibu, "Pasta, hii si ya kupiga mtu. Ni ya kuangalia tu. Ni ukumbusho."

Ninaelewa. Ila chuma hakijui kwamba sasa ni ukumbusho. Bastola ya mwaka 1956 iliyotunzwa vizuri inafyatua leo kama ilivyofyatua siku ya kwanza. Ndiyo maana ina bei! Kile kinachoifanya iwe ya thamani kwa mkusanyaji ndicho kinachoifanya iwe hatari kwa kijana mwenye huzuni: haijaharibika.

Na tuzungumze kuhusu thamani. Tarehe 24 Novemba 1963, mjini Dallas, Jack Ruby alimpiga risasi Lee Harvey Oswald, yule aliyeshtakiwa kumwua Rais Kennedy. Alitumia Colt Cobra, bastola ambayo ilinunuliwa kwa dola 62 na senti 50. Mwaka 1991 bastola ile ile iliuzwa kwa mnada kwa dola 220,000. Chuma hakikuongezwa hata gramu moja. Kilichopandisha bei ni kwamba mtu alikufa mbele yake. Kwa hiyo usiniambie ya kwamba kitu kinastahili kuwekwa kwa sababu bei yake iko juu. Bei inakueleza tu kiasi ambacho watu wako tayari kutoa. Haikuelezi kitu hicho kitakudai nini.

Sasa fungua Biblia yako, Hesabu 21. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu walioumwa wakamtazama wakapona. Hakuna kumbukumbu ya familia iliyokuwa safi kuliko hiyo. Kisha nenda 2 Wafalme 18:4. Miaka mamia baadaye watu wanamfukizia uvumba yule nyoka. Mfalme Hezekia akamvunja vipande, na jina alilobaki nalo ni Nehushtani, kama kusema kipande cha shaba tu.

Hezekia hakusema Musa alikosea. Hakumdharau babu. Alitazama watu wa wakati wake, akaona kitu kilichokuwa baraka kimekuwa mtego, akaamua. Kitu kinaweza kukujia kwa upendo wa kweli, na bado ukahitajika kukitoa kwa upendo wa kweli.

Ndicho nilichomwambia ndugu yangu alipolia kwa simu. Maana alilia. Akasema, "Mzee hakuwa na mwana. Alinipa mimi. Nikiitoa, nimemtupa." Nikamjibu, ndugu, heshima ya yule mzee haiko kwenye sanduku. Iko katika miaka minne uliyomgeuza kitandani. Hiyo hakuna mtu atakayeipiga mnada, wala mwanao hataihitaji ufunguo. Mwite kijana umwambie habari za mzee. Huo ndio urithi.

Sasa, tuwe watu wa vitendo. Kama uko Marekani na umejikuta na kitu kama hiki, fanya haya.

Kwanza, usingoje Jumapili. Usiku huu huu toa risasi, ziondoe nyumbani, na bastola uifungie mahali ambapo ufunguo ni wako peke yako. Sheria ya Texas yenyewe inamhesabia mtu mzima kosa akizembea mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia bunduki yenye risasi.

Pili, jua karatasi zako zinasema nini. Kule, mwenye makazi ya kudumu anaweza kumiliki bunduki kwa sheria ya taifa. Lakini walioingia kwa viza za muda, kama za masomo au za kazi, kwa kawaida hawaruhusiwi isipokuwa kwa masharti machache, na asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Kuna mtu anaweza kupoteza maisha yake yote ya ugenini kwa sababu ya zawadi. Muulize wakili kwanza.

Tatu, ukiiuza, pitia kwa muuzaji mwenye leseni, ambaye sheria inamlazimu kuchunguza mnunuzi kabla hajamkabidhi. Texas inakuruhusu kumuuzia jirani yako bila hayo yote. Dhamiri yako isikuruhusu. Usitoe hatari chumbani mwa mwanao ukaipeleka chumbani mwa mwana wa mwingine.

Na kama roho inakuuma kuuza kazi nzuri ya mikono ya mafundi, kuna makumbusho. Nyuma ya kioo, mlango ukiwa umefungwa, watu wataitazama hiyo buluu na hakuna mtoto atakayeifikia saa nane usiku.

Nawe uliye hapa nyumbani Kenya, usidhani hadithi hii ni ya Marekani tu. Kuna masanduku ya babu ambayo hayajafunguliwa. Ukikuta bastola ya zamani, usijiamulie mwenyewe kama ni ukumbusho ama ni silaha. Kumiliki bunduki bila cheti ni kosa, na kosa hilo lina jela. Usiibebe kwa matatu. Mwone wakili au chifu, mwite polisi, waje waichukue. Mwezi wa Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong. Kila moja ya hizo ilikuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuiweka.

Najua mtauliza: "Pasta, je, polisi walio kanisani? Na walinzi wa mbuga?" Hao wamepewa kazi na mafunzo, na wanatoa hesabu ya kila risasi. Na hata wao, wakifika nyumbani na moyo umechoka, swali ni lile lile: nani yuko chumba cha pili? Na wakati mwingine aliye hatarini si mtoto. Ni wewe mwenyewe, unayetoka zamu ya usiku na kukaa kitandani ukiwa umeshika kile kisanduku. Kama ni wewe, niandikie sasa. Ukiwa Marekani, piga 988, saa yoyote. Kumpigia mtu simu si kukosa imani.

Ndugu yetu alinitumia ujumbe Ijumaa. Bastola iko kwa sefu ya muuzaji mwenye leseni. Hajaamua kama ataiuza au ataitoa kwa makumbusho, na simharakishi. Pesa zikipatikana, nimemwambia zisije kwa mabati yetu kwanza. Zianze na mtu wa kuzungumza na kijana.

Akaongeza mstari mmoja: "Pasta, jana kijana alikula mezani."

Mpendwa, hiyo ndiyo kumbukumbu ya kuweka.

Baba, kwa kila nyumba inayosoma hapa, tupe macho ya kuona aliye chumba cha pili kabla ya kuona bei ya kilicho sandukuni. Kwa jina la Yesu.

Kama umeguswa, andika AMINA, kisha uweke simu chini uende ubishe mlango wa mwanao.

Ubarikiwe.