Mashine bila mtaalamu ni chuma: Somo la maabara kwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa

MSIMU wa korosho na ufuta unapomalizika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, fedha zilizolipwa kupitia vyama vya msingi huwa na kazi nyingi zinazozisubiri. Kuna madeni ya salfa, kuna bati, kuna mtaji wa duka. Na kwa wazazi wengi kuna karo ya kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita.

Miongoni mwa kozi zinazopendwa na wazazi ni zile za maabara, iwe ya afya, ya mifugo au ya mazao. Sababu ni dhahiri: watu wanaamini kuwa mtaalamu wa vipimo hakosi kazi. Swali la kujiuliza ni je, kijana huyo anafundishwa kupima, au anafundishwa habari za kupima? Mambo hayo mawili hayafanani, na tofauti yake ina bei.

Mfano mzuri wa kulielewa jambo hili ni ujuzi ambao kwa wakulima wengi ni mgeni hata kwa jina. Unaitwa saitometria ya mtiririko, yaani upimaji wa chembe hai moja moja zikiwa zinatiririka ndani ya maji.

Mashine inavyofanya kazi

Tuchukue tone la damu. Ndani yake kuna mamilioni ya chembe za aina mbalimbali. Mtaalamu huchanganya damu hiyo na kingamwili zilizofungwa rangi inayong'aa, ambazo hung'ang'ania aina moja tu ya chembe. Kisha mashine huzivuta chembe hizo katika mrija mwembamba, zikapita kwa mstari mmoja mbele ya mwanga wa leza, kama mbuzi wanaopita mmoja mmoja kwenye josho.

Kila chembe ikipita, mwanga hutawanyika. Mwanga unaokwenda mbele hueleza ukubwa wa chembe, unaokwenda pembeni hueleza yaliyomo ndani yake, na rangi inayong'aa huitambulisha ni ya aina gani. Mashine husoma maelfu ya chembe kwa sekunde moja. Kazi ambayo mtu mwenye darubini angeifanya kutwa nzima humalizika kwa dakika chache.

Teknolojia hii si changa. Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani alieleza mashine ya kutenganisha chembe, na baadaye Leonard Herzenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaiendeleza kwa kutumia rangi zinazong'aa.

Imeingiaje kwetu?

Watanzania wengi wameipitia teknolojia hii bila kuijua jina. Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila malipo mwaka 2004, mgonjwa hakuanzishiwa dawa hivi hivi. Alipimwa kwanza wingi wa chembe za kinga ziitwazo CD4. Mtu mzima aliyekuwa na chembe chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo wa damu alistahili dawa, hata kama hakuonekana mgonjwa. Kipimo hicho kilifanywa kwa mashine za aina hii.

Maabara za utafiti nazo huzitegemea. Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki majaribio ya chanjo za malaria, wataalamu hutumia upimaji huu kujua kama kinga ya aliyechanjwa imeamka.

Kwa mfugaji habari ni kubwa zaidi. Mbegu za ng'ombe dume zenye kuzaa jike hubeba vinasaba vingi kidogo kuliko zenye kuzaa dume, tofauti ikiwa kama asilimia 4. Mashine ya mtiririko huweza kuiona tofauti hiyo ndogo na kuzitenga mbegu. Ndiyo asili ya mbegu za uhimilishaji zilizochaguliwa jinsia, ambazo kati ya ndama 10 wanaozaliwa, kama 9 huwa majike. Mbegu ya kawaida hutoa nusu kwa nusu.

Wakulima wa migomba nao wamo. Watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya IITA wanaozalisha aina mpya za ndizi wanahitaji kujua kila mche una seti ngapi za vinasaba, mbili, tatu au nne. Kipande kidogo cha jani kikipita kwenye mashine, jibu hupatikana siku hiyo hiyo.

Darasani na mezani

Ujuzi huu hufundishwaje? Mafunzo mazuri huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni mihadhara. Mwanafunzi hufundishwa leza ni nini, kwa nini rangi mbili zinaweza kuchanganyana na kuidanganya mashine, na namna ya kuchora mpaka kwenye picha ya kompyuta ili kutenga chembe zinazotakiwa na takataka.

Ya pili ni kazi ya mikono. Hapo mwanafunzi huandaa sampuli mwenyewe, hupima ujazo kwa pipeti na kuitia rangi. Kila asubuhi huihakiki mashine kwa kupitisha vipira vidogo vya plastiki ambavyo ukubwa na mng'ao wake unajulikana. Huandaa pia sampuli ya kulinganishia, isiyotiwa rangi, ili ajue mwanga upi ni wa chembe na upi ni wa bure. Mrija ukiziba, yeye ndiye anayeuzibua.

Anayepata mihadhara peke yake atajua kueleza. Siku sampuli itakapoganda kwa sababu ilicheleweshwa njiani, atatoa namba hivyo hivyo, na daktari ataiamini. Kwa upande mwingine, anayefundishwa kubonyeza vitufe peke yake atafanya kazi vizuri mpaka siku mashine itakapobadilishwa.

Hilo si jambo la kufikirika. Kiwango cha CD4 cha kuanzia dawa kilipandishwa hadi 350, kisha 500, na mwaka 2016 Tanzania ikaanza kumpa dawa kila anayegundulika kuwa na virusi bila kusubiri namba hiyo. Kipimo kikuu cha kufuatilia matibabu kikawa wingi wa virusi katika damu, ambao hupimwa kwa mashine za aina nyingine kabisa. CD4 imebaki na kazi yake, hasa ya kuwatambua wagonjwa ambao kinga imeshuka chini ya 200, lakini haina tena nafasi iliyokuwa nayo.

Kwa mabadiliko ya namna hiyo, fundi aliyejua vitufe vya mashine moja hulazimika kuanza upya. Aliyeelewa misingi ya kupima, yaani sampuli safi, uhakiki wa chombo, ulinganisho na kumbukumbu, huhamia kwenye mashine mpya kwa mafunzo mafupi. Mzazi anayelipa karo analipia kipi kati ya hivyo viwili?

Nachingwea inalijua somo hili

Hakuna wilaya yenye haki ya kulizungumzia suala la mashine bila maarifa kuliko Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara.

Lakini ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kuchunguza uwezekano wa mradi ulitumia wiki tisa tu. Udongo haukupimwa vya kutosha, wala mvua haikufuatiliwa kwa miaka ya kutosha. Kule Kongwa udongo wa kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, na sehemu kubwa ya matrekta ikawa haifanyi kazi kabla mwaka 1947 haujaisha. Ilipofika Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, hasara ikiwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Fedha zilikuwapo na mashine zilikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kupima kabla ya kulima, na mafundi wa kutosha wa kuzitunza mashine hizo. Kinyume chake ni kazi iliyofanywa baadaye na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ambacho kwa kupanda, kupima na kulinganisha msimu baada ya msimu kimetoa mbegu za karanga zinazofaa kusini, ikiwamo Pendo ya mwaka 1998.

Kipimo ndicho bei

Wapo watakaouliza, leza na vinasaba vinamhusu nini mkulima wa korosho? Vinamhusu kwa sababu kanuni ni ile ile, na kwake yeye kipimo ndicho bei.

Tuangalie upimaji wa korosho ghafi ghalani. Mpimaji huchukua sampuli ya kilo moja, huzipasua korosho, hutenga viini vizuri na vilivyooza au kusinyaa, kisha hupima uzito. Jibu hutolewa kama ratili za kiini katika gunia la kilo 80.

Tuseme kilo moja imetoa gramu 270 za kiini kizuri. Kwa gunia la kilo 80 hizo ni kilo 21.6, ambazo ni ratili kama 47 na nusu. Sasa tuseme sampuli ilichotwa sehemu moja tu ya gunia, iliyokuwa na unyevu, ikatoa gramu 240. Gunia lile lile sasa lina kilo 19.2 za kiini, yaani ratili 42 na kidogo. Gramu 30 za sampuli zimepunguza zaidi ya ratili tano katika gunia zima, na shehena inaweza kushushwa hadhi kwa namba hiyo. Mwenye mzigo hana la kujibu kama hajui namba imetoka wapi.

Hali ni hiyo hiyo kwa taka na unyevu katika ufuta, na kwa sumukuvu katika karanga na mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu yote kuzidi sehemu 10 katika sehemu bilioni. Ukungu wake haukai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Asiyejua kuchukua sampuli sehemu mbalimbali ataupitisha mzigo mbaya au ataukataa mzigo mzuri. Madhara yake si ya biashara tu, kwani mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa uhimilishaji nako mkono ndio unaoamua. Mbegu iliyochaguliwa jinsia huwa na chembe kama milioni 2 kwa dozi, wakati ya kawaida huwa na kama milioni 20. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji akiiyeyusha vibaya au akikosea saa ya joto la ng'ombe, fedha ya mfugaji imepotea, na mashine ya leza iliyoko ng'ambo haina lawama.

Nini kifanyike?

Si lazima Nachingwea au Ruangwa iwe na mashine ya mtiririko. Mashine ya namna hiyo inahitaji umeme wa uhakika, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye baridi na fundi wa matengenezo. Bila hivyo itageuka pambo la kufunikwa kitambaa. Kinachohitajika ni watu waliolelewa katika nidhamu ya kupima.

Mzazi kabla ya kulipa karo aende chuoni na aulize maswali machache. Mwanafunzi ana saa ngapi za maabara kwa wiki? Kila mmoja anaandaa sampuli yake, au 20 wanamtazama mwalimu mmoja? Vifaa vinafanya kazi leo, na vitendanishi vipo? Mtihani wa vitendo upo, au ni wa karatasi pekee? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika hili asiyeuliza hupoteza pia gunia zake za korosho.

Vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, ushirika unaoziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, navyo vina nafasi. Kila chama kingeweza kuwa na vijana wawili wanaojua kuchukua sampuli, kupima unyevu, kupasua korosho na kuweka kumbukumbu, waliofundishwa darasani kwa siku chache na ghalani kwa msimu mzima. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kinachopotea mzigo mmoja unaposhushwa hadhi kwa kipimo kisichohakikiwa.

Wafanyabiashara wadogo wa ufuta na karanga wana faida hiyo hiyo. Mwenye kipima unyevu na daftari la vipimo vyake hujadiliana na mnunuzi akiwa na namba mkononi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe, hata hivyo, haliwezi kuwa sahihi kuliko mkono uliochukua sampuli, na mkono huo haufundishwi kwa mihadhara peke yake.