Yafaa Tuwachangie Fedha za Wakili



Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja hii: kwamba shule yetu, pamoja na wanafunzi wake wa zamani, ianzishe mfuko wa kuwalipia mawakili vijana wa vyuo vikuu wanaokamatwa katika maandamano, na ambao wasema kwamba polisi waliwapiga. Hoja ilishindwa kwa kura chache. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Kengele ya chakula ililia kabla sijapata nafasi ya kujibu, kwa hiyo naomba kujibu katika gazeti letu.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lanihusu. Kaka yangu alisoma katika shule hii, kisha akaenda chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Siku moja wanafunzi waliandamana kwa ajili ya karo, polisi wakaingia chuoni, naye akakamatwa karibu na bweni lake. Alirudi nyumbani mkono umevimba, hawezi hata kushika kikombe. Yeye asema alipigwa akiwa amekwisha keti chini. Polisi walisema alikuwa akirusha mawe. Mimi sikuwapo, wala ninyi hamkuwapo. Ndiyo sababu mahakama ziliwekwa, ili watu ambao hawakuwapo wasikilize pande zote mbili na kupima ushahidi.

Lakini habari ya mkono wake haikusikilizwa kamwe. Hakuwa na wakili. Alisimama mbele ya hakimu mara nne kwa shtaka la kuleta kero hadharani, na kila mara kesi iliahirishwa. Baba aliuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya nauli na chakula. Mara ya tano mtu mmoja pale nje ya mahakama alimshauri akiri kosa, alipe faini, arudi masomoni kabla ya mitihani. Akakiri. Tangu siku hiyo yeye ni mkosaji katika vitabu vya mahakama, na juu ya mkono wake hapana hata mstari mmoja ulioandikwa.

Wala jambo hili si la kaka yangu peke yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 wanafunzi wa Makerere waliandamana kupinga nyongeza ya karo ya asilimia 15. Polisi na askari wa jeshi waliingia chuoni, na wanafunzi wakasema walipigwa hata ndani ya mabweni. Sisi wa S.6 twatazamia kwenda vyuo kama hicho.

Wenzangu walisema, "Sheria ipo, yatosha." Ni kweli ipo, tena ni nzuri. Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 29, yatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Ibara ya 24 yakataza mateso. Ibara ya 23 yataka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ibara ya 50 yamruhusu aliyevunjiwa haki aende kudai fidia. Mwaka 2012 ilitungwa hata sheria ya peke yake ya kuzuia mateso. Lakini ibara ya 28 yasema serikali itamlipia mshtakiwa wakili ikiwa kosa lake laweza kumletea hukumu ya kifo au kifungo cha maisha. Kijana aliyeshtakiwa kwa kero hadharani hayumo. Anayetaka kudai fidia naye hayumo. Basi sheria isiyo na mtu wa kuieleza mbele ya jaji ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Wengine walisema kwamba mfuko wa namna hii haufai shule ya misheni, kwa kuwa ni siasa. Hao nawapa mfano wa mtu wa kanisa. Mwezi wa Desemba 1956 serikali ya Afrika Kusini iliwakamata watu 156 kwa shtaka la uhaini. Miongoni mwao walikuwamo Chifu Albert Luthuli, aliyekuwa mwalimu zamani, na Profesa Z. K. Matthews wa Chuo cha Fort Hare. Kanoni John Collins wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, alianzisha mchango wa kuwalipia mawakili na kuzisaidia jamaa zao. Kesi ilichukua zaidi ya miaka minne. Machi 1961 wale wa mwisho waliachiliwa, wala hapana hata mmoja aliyepatikana na hatia. Je, bila mchango ule wangaliweza kusimama mahakamani miaka yote hiyo?

Mfano wa pili ni wa wanafunzi hasa. Tarehe 18 Novemba 2011, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, wanafunzi waliokuwa wakipinga nyongeza ya karo na mambo mengine waliketi chini njiani, wameshikana mikono. Polisi wa chuo waliwapulizia dawa ya pilipili usoni. Picha za video zilionekana duniani kote, hata hivyo mwendesha mashtaka wa pale hakuwashtaki polisi hao. Lakini wanafunzi na waliokwisha maliza walifungua kesi ya madai mwezi wa Februari 2012, wakisaidiwa na mawakili wa American Civil Liberties Union, chama kinachopata nguvu kwa michango ya watu. Septemba mwaka huohuo yalifanyika mapatano ya dola milioni 1. Kila mmoja wa wadai 21 aliwekewa dola 30,000, pamoja na barua ya mkuu wa chuo ya kumwomba radhi. Dola 250,000 zilikuwa za mawakili. Tazameni hesabu hiyo: robo nzima! Haki yagharimu hata pale ambapo ushahidi umeonekana kwa macho.

Hoja iliyonigusa zaidi ni ya rafiki yangu mmoja aliyeuliza: je, tukimlipia wakili kijana ambaye kweli alirusha jiwe? Nilimwuliza kaka yangu jambo hilo mara moja tu. Alikasirika, hakunijibu. Basi mimi mwenyewe sijui. Lakini wakili hamgeuzi mkosaji kuwa mtakatifu. Aliyetenda kosa na ahukumiwe kwa kosa lake. Hapasi kupigwa akiwa amekwisha kamatwa. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tukichanga fedha hatusemi kwamba mwanafunzi ana haki katika kila neno lake. Twasema asikilizwe, nasi tuwe tayari kupokea jibu hata likiwa chungu.

Mwisho walisema fedha zitaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni masharti. Mchango uwe wa hiari. Mwanafunzi atoe shilingi 1,000 kwa muhula akiweza, na wakubwa zetu watoe kadiri wanavyojaliwa. Fedha zisipite mikononi mwa mshtakiwa, bali zilipwe kwa daktari au wakili, kwa risiti. Zisilipe faini, wala hongo hata senti moja. Wawepo watunzaji watatu: mwalimu, mwanafunzi na mwanafunzi wa zamani, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mwisho wa muhula. Asaidiwe yeyote aliyetoka shuleni kwetu, wa dini yoyote, kabila lolote na chama chochote. Na fedha za kwanza ziende kwa daktari, aandike majeraha katika fomu namba 3 ya polisi siku ileile, kwa maana uvimbe haumngoji wakili. Kaka yangu alipokumbuka fomu hiyo, mkono ulikuwa umekwisha pona.

Nanyi wakubwa zetu mlio mawakili, hatuwaombi fedha tu. Saa moja ya kumsikiliza kijana aliye mahabusu yaweza kumzuia asikiri jambo asilolitenda kwa sababu ya uchovu.

Hoja italetwa tena muhula huu, nami naomba kura zenu. Shauri la kaka yangu limekwisha, wala yeye hapendi kulizungumza tena. Naandika kwa ajili ya yule atakayefuata, ambaye labda leo ameketi nasi darasani.

Mwanafunzi wa S.6