Ushahidi Uliochelewa na Kitenzi "Kuweza"

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni isimu, na riziki yangu naipata kwa kuwasumbua wanafunzi kwa vitenzi. Hata hivyo, kuna kitenzi kimoja ambacho kimewashughulisha majaji wa Ulaya kwa miaka mingi, nacho ni "kuweza".

Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu maumbo ya bidhaa, ile namba 6 ya mwaka 2002, ilieleza kwamba ofisi ya usajili yaweza kupuuza ushahidi usioletwa kwa wakati. Haikusema itapuuza, wala haikusema haina budi kupuuza. Maneno yayo hayo yalikuwamo katika kanuni ya alama za biashara, na mnamo Machi 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyafafanua katika kesi ya Kaul. Aliyechelewa hana haki ya kudai apokewe, lakini ofisi nayo haina ruhusa ya kumfungia mlango pasipo kufikiri. Sharti itoe sababu. Nayo huweza kumpokea hasa iwapo ushahidi wake una uzito katika matokeo ya kesi, na hatua iliyofikiwa haizuii. Naam, majaji hao waliisoma sarufi sawasawa.

Jambo hili latuhusuje? Umbo likisha kusajiliwa, mwenye cheti huwazuia wengine wote kulitengeneza. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, muda huo ni miaka 5, nao waweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Cheti hicho hakifai kitu iwapo umbo halikuwa jipya, ila ithibati yake aghalabu hujificha. Mwaka 2024 kampuni ya Puma ilishindwa kesi ya umbo la kiatu kwa ajili ya picha za Desemba 2014 zilizomwonyesha mwanamuziki Rihanna amevaa viatu vya namna hiyo, ilhali ombi la usajili lilipelekwa Julai 2016, miezi 12 ya msamaha ikiwa imekwisha kupita. Picha hizo zilikuwa peupe kwenye Instagram. Je, gazeti kuukuu lenye picha ya kiondo, lililofungiwa sandukuni huko Machakos, litapatikana kwa siku ngapi?

Najua pingamizi litakaloletwa. Wapo mawakili wafichao karata hadi dakika ya mwisho ili wamvizie mpinzani. Hao wakataliwe, au watozwe gharama, na mpinzani apewe siku za kujibu. Lakini fundi wa jua kali ambaye hakujua kwamba gazeti hilo lipo hakuficha kitu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 159, imeagiza haki itolewe bila kushikilia mno taratibu. Jopo linalosikiliza mizozo hii lisimfukuze kwa sababu ya kalenda tu. Na likimkataa, limwandikie sababu zake kwa lugha anayoielewa.