Towbar Kwa Premio Ndio Ubebe Baiskeli za Mbogi? Hii Hapa Hesabu Fundi Hakuambii

Wasee wa baiskeli wamekuwa wengi, hiyo huwezi kataa. Jumamosi asubuhi ukishuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha unaziona zimebebwa kila aina: juu ya paa, kwa buti iliyofungwa na kamba, na siku hizi kwa keria ya nyuma inayokaa kwa towbar. Hell's Gate wanakuruhusu kuingia na baiskeli, na tangu Migration Gravel Race ianze kule Mara mwaka 2021, kuendesha kwa murram kumekuwa form ya watu wengi. Lakini wengi wetu hatuna Prado. Tuko na Premio, Axio, Allion na Sylphy.

So msee anaenda kwa fundi wa kuchomelea, wanaelewana bei, na jioni anatoka na chuma yenye kichwa cha mviringo ikichungulia chini ya bampa. Iko smart. Swali ni, imeshikwa wapi?

Hapo ndio risto yote iko. Premio, Allion na Axio zilitengenezewa hasa soko la Japani, na huko sedan kuvuta treila si mazoea. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, na ukitafuta mahali kimeandika kilo ngapi inaweza kuvuta, utachoka. Hata kampuni moja inaweza kukupa majibu mawili: Corolla Marekani inaambiwa isivute treila, na Uingereza Corolla inapewa ruhusa ya treila ndogo. Kumbuka Uingereza gari lenye treila haliruhusiwi kupita maili 60 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 96. Kwa hivyo usikubali fundi akuambie "hii ni Toyota, inabeba."

Sasa sikiza, kama haja yako ni baiskeli tu, uzito wa kuvuta haukuhusu sana. Kinachokuhusu ni uzito unaokandamiza ile chuma kwenda chini. Magari mengi madogo Ulaya huandikiwa kilo 50 hadi 75 hapo. Piga hesabu: baiskeli 3 za kilo 15 ni 45, ongeza keria yenyewe kilo 18, uko 63. Hapo kwa gari la kilo 75 uko sawa, kwa la kilo 50 umepita. Leta beste wa nne na keria kubwa ya kilo 20, umegonga 80, na sasa hakuna upande uko salama. Baiskeli za stima ndio noma zaidi, moja inaweza kufika kilo 25.

Na hizo ni kilo za gari likiwa limesimama. Mzigo unaning'inia nyuma ya bampa, mbali na magurudumu, kwa hivyo ukiruka bampu ya Kenya (unazijua, zile hazijapakwa rangi) chuma inavutwa kwa nguvu kuliko kilo zenyewe. Kama fundi alichomelea kwa bati ya sakafu ya buti ama kwa bampa, bati inaanza kupasuka polepole na hutaona. Siku itaachia, baiskeli tatu zitakuwa zinateleza kwa lami mbele ya matatu iliyokuwa nyuma yako. Hiyo si hasara yako pekee, kuna mtu mwingine hapo.

Towbar poa hufungwa kwa bolti kwenye zile reli mbili nene zinazopita chini ya buti. Inama uangalie. Ukiona bolti kubwa na pleti upande wa pili, uko kwa njia. Ukiona tu weldi mbichi imepakwa rangi nyeusi, rudisha gari.

Kuna story ya karao pia. Keria ikijaa baiskeli inafunika namba ya gari na taa za nyuma, na namba iliyofunikwa ni kosa. Keria nzuri huwa na nafasi ya namba na taa zake, zinazounganishwa na waya hadi kwa towbar. Wengi hawaweki hizo waya juu ya kuokoa doh, alafu wanashangaa wakisimamishwa. Ukiamua kuvuta treila yenyewe, labda ya kayak, hiyo inasajiliwa kivyake na inapewa namba zinazoanza na Z. Na hapo gearbox ya CVT inaingia kwa mjadala, kwa sababu kupanda kutoka Mai Mahiu na treila ndio mahali inapata joto mbaya.

Mbona naandika hii sasa? Mwaka 2025 kulitolewa rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazogusa magari ya kibinafsi yaliyopita miaka 4. Tunaruhusiwa kuingiza gari la hadi miaka 8, so nyingi zinafika Mombasa tayari ziko kwa hiyo bracket. Watu walipiga kelele kuhusu gharama, na wana point. Lakini kwa maoni yangu kuna kitu kilipotea kwa hizo kelele: gari linaweza kupita ukaguzi Machi, likawekewa towbar ya kuchomelea Aprili, na likae hivyo mpaka mwaka unaofuata. Anayefaa kuulizwa maswali ni anayeuza kazi ya weldi bila kuandika kilo popote. Kibandiko kidogo tu chenye kilo na tarehe kingetosha kuanzia.

Insurance nao waambie kabla, kwa maandishi. Gari likibadilishwa bila wao kujua unawapa sababu ya kukukwepa siku ya claim.

Kama mko wawili tu, kusema ukweli, wachana na towbar. Toa gurudumu la mbele, lalisha viti vya nyuma, funika na leso ya zamani. Fielder inameza mbili bila shida. Premio utasukuma kidogo, lakini moja inaingia, na ya pili inakaa juu kwa keria ya paa.